Cherehani ya viraka inaruka mishono: sindano kwanza, shato baadaye

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Igoma, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Nimenunua cherehani ya zamani ya ngozi pale Mlango Mmoja, mwenyewe alikuwa fundi viatu amefariki, familia ikawa inaiuza. Ni nyeusi, ina mkono mwembamba umetokeza mbele, gurudumu kubwa, na mguu wake unazunguka pande zote. Kibati cha modeli hakipo ila chini pameandikwa Y na namba nyingi. Ngozi moja laini inashona kiasi, nikiweka mbili za ng'ombe inaruka mishono na uzi unachambuka. Fundi mmoja kasema taiming imekufa ninunue shato mpya, na bei aliyonitajia inatisha. Mi nataka kushona mikanda, sandozi na mikoba. Nitengeneze au niiuze kabla haijanimaliza?"

Marahaba mdogo wangu. Shato, yaani kile chombo kinachobeba bobini na kunasa uzi wa sindano, usinunue, angalau sio sasa hivi, na hiyo taiming, yaani sindano na shato kukutana kwa wakati wake, tutaiangalia baadaye. Kwa maelezo yako mi nahisi hiyo mashine imevalishwa sindano isiyo yake, na mashine za hivi zikivalishwa sindano ya jirani zinaruka mishono hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Lakini kabla ya sindano lazima ujue una mashine gani, maana ukienda dukani ukasema tu "nipe sindano ya Singer ya ngozi" utapewa yoyote iliyopo kwenye droo na utarudi nyumbani na tatizo lilelile.

Mguu unaozunguka pande zote na mkono mwembamba mbele, hiyo ni cherehani ya viraka, ile ya fundi viatu, unavalisha kiatu kizima kwenye ule mkono unashona ndani bila kukibomoa. Waliotengeneza aina hiyo ni wengi. Singer ndio imejaa huku kwetu na namba yake ni 29, Adler wa Ujerumani nao wana 30 yao, afu siku hizi kuna za Kichina zile ndogo za kuzungusha kwa mkono, chuma chake kimemwagwa ovyo, kinakwaruza mkono na namba ya usajili huwa haina. Yako ina Y na namba nyingi kwa hiyo Mchina tumtoe. Sasa ili ujue kama ni Singer 29 kweli angalia uzi wa juu unapita wapi. Cherehani ya kawaida uzi unatoka kwenye tensheni unapanda kwenye kile kijiti kinachopanda na kushuka, unateremka kwa nje mpaka kwenye sindano, unauona njia nzima. Kwenye 29 uzi unaingia juu kabisa ya kichwa, unazama ndani ya ile fimbo inayobeba sindano, iko wazi katikati kama bomba, unakuja kutokea chini pale karibu na sindano. Ukiona uzi umepotea kichwani na kutokea chini, hiyo ni familia ya 29.

Na hapohapo nikuulize, aliyekuuzia alikupa waya? Maana uzi haupiti humo kwa kusukuma, kuna waya mrefu mwembamba wenye ndoano, unaushusha kutoka juu mpaka utokee chini, unanasa uzi, unauvuta. Huo waya ndio kitu cha kwanza kupotea mashine ikibadilisha mikono. Kama haupo chukua uzi mmoja tu wa ndani ya kebo ya breki ya baiskeli, unyooshe, ncha yake ikunje ndoano ndogo kwa koleo afu uisugue na msasa isije ikakwaruza ndani, imeisha hiyo.

Herufi Y inakwambia kiwanda na inakwambia enzi. Singer walianza kuweka herufi mbele ya namba mwaka 1900, kabla ya hapo ni namba tupu. Y walipewa kiwanda cha Clydebank kule Scotland, jirani na Glasgow, na zilitoka kati ya miaka ya 1920 na katikati ya 1930. F ni kiwanda kilekile ila ya zamani zaidi, na zinazoanza na E ikifuatiwa na herufi nyingine, EA, EB, EC na kuendelea, ni za kuanzia kama 1935. Eneo la kile kiwanda linaitwa Kilbowie, na ndio maana modeli zake zina K: 29K, 45K, 31K. Wengine wanachanganya hapa, K ni ya modeli, Y ni ya namba ya usajili, vitu viwili tofauti na huwezi kuona namba ya usajili ukajua ni 29K ngapi. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1980, kwa hiyo spea za asili unazookota leo ni za kunyofoa kwenye mashine zilizokufa, na za kuiga zipo pia, nyingine nzuri nyingine makopo.

Modeli yenyewe ilikuwa kwenye kile kibati cha shaba kilichong'oka. Bila kibati pima vitu viwili. Urefu wa mkono, kuna wa kama inchi 12 na kuna mrefu wa kama inchi 18. Na bobini, kuna za bobini ndogo kabisa na kuna za bobini kubwa kidogo, na hazibadilishani, bobini kubwa ina shato yake na bobini ndogo ina yake. Ukiagiza kitu chochote cha kule mbele ya mkono tuma picha ya bobini ikiwa imewekwa juu ya rula, usimwambie mtu "29K" peke yake utaletewa kisichoingia.

Nikae kidogo hapa kwenye kutambua maana naulizwa sana na watu wa Geita, Sengerema, Musoma huko, wameona mashine kwenye stoo ya misheni au karakana ya zamani wanataka kujua kama inafaa ngozi. "Singer ya ngozi" watu wanaita mashine nne tofauti. Ya kwanza ndio hiyo yako. Ya pili ni 45K, hilo ni dude, kulibeba mwite mwenzako, meza ya bapa ama mkono mnene, linashona mikanda ya kubebea mizigo, matandiko ya farasi, turubai, na nyingi zake zinatumia sindano ya sistimu 328. Ukilikuta linauzwa kama chuma chakavu lichukue, usiongee sana. Ya tatu ni 111W, W maana yake ilitoka Bridgeport Marekani, hiyo mguu wake unatembea pamoja na sindano na meno ya chini, ngozi haitelezi, ukipata 111W155 sindano yake ni 135x17 kwa turubai na kitambaa, 135x16 kwa ngozi, na hizo zinapatikana kirahisi sana maana mashine nyingi za kisasa za ngozi zinatumia hizohizo. Ya nne ni 31K, na hapa ndio watu wanapigwa, muuzaji anakwambia hii ni industria inashona ngozi, kumbe ni ya mafundi nguo, ya suti na makoti, ina nguvu ndio ila inakula ngozi laini ya mbuzi tu, ya ng'ombe ikikutana nayo inalia.

Alafu kama kuna mtu alishakuja kuulizia hiyo mashine yako kama ina "mercury nyekundu" ndani na yuko tayari kutoa mamilioni, mfukuze. Uvumi huo ulitikisa Saudi Arabia mwaka 2009 watu wakanunua Singer mbovu kwa pesa za ajabu na hakuna aliyekuta kitu, ndani mna mafuta yaliyoganda na vumbi la ngozi basi. Mimi nimeletewa mashine nzima imechanwa na tindo eti wanatafuta.

Haya, sindano. Singer 29K inatumia 29x3 na 29x4. 29x3 ncha yake ya mviringo ni ya kitambaa na turubai, 29x4 ncha yake inakata, ndio ya ngozi. Kwenye pakiti za Kijerumani utakuta 332 na ni familia ileile. Mwanza hazikai kwenye kila duka, mara nyingi mtu anaagiza Kariakoo au Nairobi, na kwa sababu hazipatikani mafundi wanafanya nini, wanachomeka sindano ya cherehani ya nguo. Sindano ya nguo urefu wake si huo, tundu lake halifiki pale shato inapopita, basi shato inapita hewani haikuti kitanzi cha uzi. Mwingine mjanja anaivuta sindano chini kidogo asiiingize mpaka mwisho ili tundu lifike, hapo inashona ngozi moja laini vizuri tu, ukiweka ngozi mbili za ng'ombe sindano inasukumwa juu kwa nguvu ya ngozi na tatizo linarudi. Si ndio hicho unachoniambia wewe? Fungua skrubu ya sindano, itoe, chukua tochi ya simu angalia tundu linaloingia sindano, uone kama ilikuwa imegota juu mpaka mwisho au ilikuwa inaning'inia. Afu soma kwenye shina la sindano yenyewe, mara nyingi pameandikwa kwa herufi ndogo sana.

Ukishapata sindano sahihi iingize mpaka igote, na uielekeze. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja na upande wa pili juu ya tundu kuna kikato kidogo kama imeng'atwa. Kile kikato kinaangalia shato, na uzi unaingia kutokea upande wa mfereji mrefu. Ikipinda robo tu inaruka.

Sasa hakikisha kwa macho. Toa uzi wote, ondoa kile kibamba kinachofunika shato pale mbele ya mkono, na uzungushe gurudumu polepole kwa mkono, polepole kweli. Sindano inashuka mpaka chini kabisa, inasita, inaanza kupanda, na ikishapanda kama milimita 2 hivi, hapo ncha ya shato inatakiwa ndio inapita nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu, ndani ya kile kikato. Isiguse sindano lakini nafasi iwe nyembamba karatasi ipite kwa shida. Kupanda kule kwa milimita 2 ndiko kunafanya uzi utune upande mmoja utengeneze kitanzi, shato inaingia humo. Ukiona ncha inapita chini ya tundu au usawa wa tundu lenyewe, fimbo ya sindano iko juu sana au sindano ni fupi. Ukiona inapita wakati sindano imeshapanda mbali, hapo ndio tunaanza kuzungumzia taiming, na hata hapo bado sio shato. Fundi wako aliangalia hivi? Maana kutamka "taiming imekufa" ni rahisi kuliko kushika tochi.

Kwenye 29 shato inaendeshwa na fimbo yenye meno iliyolala ndani ya mkono, inakwenda mbele na nyuma, meno yake yanazungusha gia ndogo iliyo chini ya shato. Miaka 90 ya kwenda mbele na nyuma meno yanalika. Shika gurudumu lisitembee, afu kwa kidole tikisa shato kushoto kulia. Ikicheza kidogo tu ni kawaida ya uzee. Ikicheza sana, yaani ncha inatembea milimita mbili tatu gurudumu limetulia, basi ile gia ndogo imelika na shato inachelewa, na ni ile gia utabadilisha, shato yenyewe ikiwa ncha yake ni kali, haijavunjika na haina makwaruzo iache. Ncha iliyochakaa unaisugua kwa msasa laini sana namba 1000 kwenda juu mpaka uzi ukipita usikwame, usiitie tupa hata siku moja.

Kuna sababu nyingine ya kuruka kwenye ngozi nene ambayo watu wengi hawaijui. Sindano ikipanda inang'ang'ania ngozi na kuinyanyua. Ngozi ikinyanyuka na sindano kitanzi hakitengenezeki maana uzi unapanda pamoja na ngozi. Kwa hiyo mguu lazima ukandamize kwa nguvu. Juu ya kichwa cha 29 kuna springi ya bapa ndefu na skrubu ya kuikaza, ikaze, jaribu, kaza tena. Ukiona kwa macho ngozi inadunda kila sindano ikipanda, bado haijakaza.

Uzi kuchambuka, hapo nakuuliza unatumia uzi gani, na najua jibu, uzi wa nyavu za samaki wa pale Kirumba. Usione aibu, Mwanza nzima tunautumia, uko karibu, bei yake nzuri na ni nailoni ngumu, lakini lazima uusome. Kwenye rola pameandikwa 210D/3, 210D/6, 210D/9 na kuendelea. Zidisha hiyo 210 kwa namba ya pili afu gawa kwa 9, unapata uzito wa uzi kwa kipimo cha teksi ambacho wauza nyuzi za ngozi wanatumia. 210D/3 ni teksi 70. 210D/4 ni kama 93. 210D/6 ni 140, 210D/9 ni 210. Cherehani yako ni mashine ya teksi 70, ukiibembeleza inakubali 90, kwa sindano namba 110 mpaka 120, ile pakiti nyingine inaandika 18 au 19. Ukiweka 210D/6 unahitaji sindano ya 140, bobini ndogo inajaa uzi wa mita chache tu, na uzi unasuguliwa ndani ya fimbo na kwenye tundu mpaka unachambuka kama unavyosema. 210D/9 acha kwa kushona kwa mkono.

Na uangalie msokoto. Uzi wa cherehani unasokotwa upande ambao ukiushika wima nyuzi zinalala kama mstari wa katikati wa herufi Z. Wa nyavu mwingine umesokotwa kinyume, kama katikati ya S, na huo cherehani inaufumua yenyewe kila inaposhona, utalaumu sindano, utalaumu shato, kumbe ni uzi. Nenda na miwani dukani, chagua wa Z. Afu usiupake nta, najua wa kushona kwa mkono tunapaka nta ya nyuki na inapendeza, lakini humu nta inabaki kwenye sahani za tensheni na ndani ya ile fimbo na baada ya wiki uzi haupiti kabisa. Mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni moja unaong'aa, usijaribu, haukai kwenye fundo na unakata ngozi.

Kabla hujashona chochote isafishe, maana mashine iliyokaa stoo mafuta yake yamegeuka gundi ya kahawia. Mafuta ya taa na mswaki, nje, mbali na jiko, kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinasugua chuma, iache ilale, kesho zungusha taratibu. Ikigoma usilazimishe na usigonge nyundo, ongeza mafuta ya taa, subiri. Ikishalegea ifute halafu ndio tia mafuta ya cherehani yale meupe. Sio mafuta ya kula, sio oili chafu ya pikipiki, hizo zinaganda tena na vumbi letu la Igoma linamalizia kazi. Usiisugue kwa thina eti ing'ae, ule urembo wa dhahabu unatoka wote na mashine inapoteza thamani kwa mtu anayejua. Na skrubu, tafadhali sana, skrubu za Singer zina hesi zake za peke yake, ile mikato inayozunguka skrubu, hazifanani na M5 wala M6 ya duka la spea, ukilazimisha umeharibu tundu la chuma cha kumwaga na hilo halirudi. Skrubu ikipotea nyofoa kwenye mashine iliyokufa, au peleka kwa mtu wa kuchonga vyuma pale SIDO Nyakato na skrubu ya mfano mkononi.

Sasa kipimo cha kujua kama inastahili kutengenezwa. Regulata ya urefu wa mshono iweke mwisho kabisa, chukua karatasi gumu la boksi, shona bila uzi, afu pima inchi moja na uhesabu matundu. Mashine yenye afya inatoa kama matundu 5 kwa inchi. Ukipata 7 au 8 vile vyuma vya kichwani vinavyosukuma mguu vimelika, bado inashona ila mishono midogo. Zaidi ya hapo, na mguu unayumba ukiushika kwa vidole, ujue kuna kazi ya kujaza shaba na kuchonga upya, na gharama yake uilinganishe na bei uliyonunulia. Mi mashine inayotoa 7 nashona nayo kila siku, sina ugomvi nayo.

Mikanda sasa, hapa nitakukatisha tamaa. Hiyo ni mashine ya kukarabati. Ngozi mbili za ng'ombe za milimita 3 na nusu kila moja ni milimita 7, hiyo haiwezi, na ikiweza leo kesho itavunja kitu. Mimi naiwekea mpaka wa milimita 4, ikizidi sana 5. Mkanda wa ngozi moja wenye mshono wa urembo pembeni sawa. Juu za sandozi, sawa kabisa. Mikoba ya ngozi ya mbuzi au ile ya sangara, vishikio, zipu, viatu vya shule vya wanafunzi vilivyoachia pembeni, hapo ndio kwao, na viatu vya shule peke yake Januari vitakurudishia hela. Soli usishone nayo. Jambo jingine ujue mapema, mguu ndio unaovuta ngozi kwa meno yake kutokea juu, chini hakuna meno, kwa hiyo unaacha alama juu ya ngozi, na kwa kuwa unazunguka mstari wake hauwi mnyoofu kama wa mashine ya meza. Kwenye kiraka cha kiatu hakuna anayeona, kwenye mkoba mteja anaona. Mi meno makali nayasugua kidogo yasiume, na kwenye ngozi nyepesi naweka karatasi juu nashona nayo afu naichana.

Mikanda minene ishone kwa mkono au mpelekee mwenye 45K akushonee kwa kipande, mpaka utakapopata yako. Ukija kununua mashine ya meza iliyotoka nje angalia kibati cha mota kabla ya kulipa, nyingi za viwanda vya Ulaya ni za fezi tatu, na za Marekani zinaweza kuwa za volti 110, wewe nyumbani una fezi moja ya 230. Mota ya sevo ndogo, ile ya kielektroniki unayoiwekea mwendo unaotaka, inatatua hilo na inakwenda taratibu. Hiyo 29 yako usiifunge mota kabisa, gurudumu na mkono wako vinatosha, ikikimbizwa ndio inalika.

Kwa hiyo usiiuze. Anza na sindano za 29x4 namba 110 pakiti moja na 120 pakiti moja, uzi wa 210D/3 wa msokoto wa Z, kaza springi ya mguu, jaribu kwenye ngozi mbili za jumla milimita 3. Ikiruka tena nipigie picha tatu, ncha ya shato kwa karibu, sindano ikiwa pale ncha inapopita, na bobini juu ya rula, tutajua ni gia au ni kimo cha fimbo. Ikibidi uilete basi usiibebe nzima juu ya bodaboda, kichwa kinafunguliwa kwenye stendi yake kwa boliti za chini, toa shato na bobini uziweke kwenye kopo tofauti, sindano itoe kabisa, na kichwa kikae wima, usikilaze kwa upande wa gurudumu.